Bwana Shamba na Maji ya Ukungu

Kwetu mlimani mtu hawezi kukusimulia habari za mwenzake bila kuanza na ukoo: huyu ni wa akina fulani, babu yake alitokea Rombo, shangazi yake aliolewa Machame. Mpaka ukoo uishe, chai imepoa na habari yenyewe haijaanza. Mimi nitaruka yote hayo. Kwanza siyajui, na pili mwenyewe hakuwa na habari nayo. Sisi tulimwita Bwana Shamba tu. Serikali ilimpa cheo hicho, baadaye ikamtoa kazini, ikasahau kuja kuchukua cheo chake. Akabaki nacho.

Na kabla hujaniuliza hii elimu ya ukungu nimeitoa wapi, nikwambie mapema kwamba shule niliishia kidato cha pili. Biolojia niliyonayo nilisimuliwa uani, nimesimama na ndoo ya maji ya ng'ombe. Nikikosea mahali, mlaumu mwalimu wangu, ambaye ndiye huyuhuyu.

Ungemtambua kwa mbali. Mabuti ya mpira, hata Jumapili kanisani. Mchungaji alishazoea, tena nadhani alifurahi kwamba angalau mtu mmoja amekuja tayari kwa matope. Shati la kaki lililofuliwa mpaka likakosa rangi ya kujitetea. Akiingia kwenye kihamba chako, yaani shamba la nyumbani, hasalimii watu kwanza. Anampita mama aliyesimama mlangoni anajifuta mikono kwa kanga, anakwenda moja kwa moja kwenye mbuni wa kahawa, anageuza jani na kulichungulia chini kama anayekagua soli ya kiatu cha mkopo. Ndipo anarudi.

"Haya, hamjambo hapa."

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Nani amepogoa hii miti?"

"Mimi."

"Ilikuwa imekutukana?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya miaka. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza hali yangu. Hali ya mbuni aliiuliza kila wiki.

Sasa mtaalamu wa namna hiyo ungetegemea shamba lake liwe la kupigiwa picha. Lilikuwa na mibuni michache iliyokonda, mbuzi wa mke wake wameila mpaka kiunoni, na migomba iliyoegemeana kama walevi wanaorudishana nyumbani. Ukimuuliza anakujibu, "Daktari naye huwa anaumwa." Sawa. Lakini daktari hafugi mbuzi wa kumla mgonjwa.

Halafu alikuwa na chuki na uyoga. Ukipikwa nyumba ya jirani, yeye anahama upande wa upepo. Anasema ni uchafu unaota kwenye uchafu. Kumbuka hilo wakati nakwambia alivyozeeka.

Enzi za kugawiwa dawa, Bwana Shamba alikuwa mtu wa kopa. Ile dawa ya bluu ya kuzuia ukungu ilikuja kupitia chama cha msingi cha ushirika, na yeye ndiye aliyepita kuhakikisha tumeipiga. Mibuni bluu, migomba bluu, paka wetu naye bluu, maana alilala chini ya bomba. Mtu akisema yeye anatumia majivu na mkojo wa ng'ombe, Bwana Shamba anacheka mpaka anashika magoti. Alikuwa na neno lake: "Mnampulizia Bwana Shamba aone, hampulizii mti." Hilo lilikuwa kweli. Tulipiga ule upande wa barabarani.

Na alikuwa mkali kwa mibuni ya kizamani. Nyuma ya migomba yetu kulikuwa na mmoja, mrefu, uliopinda, ulioachwa na babu. Alimwamuru marehemu baba aung'oe apande miche mipya. Baba akasema, "Ndiyo, Bwana Shamba." Akarudi nyumbani, akasimamisha majani makavu ya mgomba mbele ya mbuni ule, mambo yakaisha. Baba alikuwa Mkatoliki mzuri sana, ila uongo wa kuiambia serikali hakuwahi kwenda kuuungama.

Halafu likaja soko huria. Kila kitu kikawa huru. Wanunuzi wa kahawa wakawa huru kuja na pikapu zao kutoka Himo, na huru kutokuja. Chama kikawa huru kufunga mlango. Kopa ikawa huru kupanda bei, na kusema kweli ndiyo iliyoutumia uhuru wake vizuri kuliko sisi wote. Bwana Shamba naye akafanywa huru: walimpunguza kazini. Alirudi nyumbani na mabuti yake, na Jumatatu asubuhi akaja kukagua mibuni yetu kama kawaida. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba halipwi tena kututukana.

Msimu ule wengi hatukupiga dawa, na chulebuni ikaingia. Kwa asiyeijua, chulebuni ni ukungu unaoshika buni ikiwa bado kijani. Linaanza doa dogo jeusi lililobonyea, kama mtu kalibonyeza na kidole cha mkaa. Doa linakua, punje inakauka mtini, mwisho inafanana na kinyesi cha mbuzi, na ukiipeleka kuuza bei ni hiyohiyo ya kinyesi cha mbuzi. Mama alikuwa anatembea kati ya mibuni akigeuza matawi. Baba alishafariki, mimi nilishaacha shule, na mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki na kichwa cha kusoma. Kahawa ile ndiyo ilikuwa ada yake.

Bwana Shamba akafika nyuma ya migomba, akasimama. Ule mbuni wa babu ulikuwa umebeba kijani kitupu. Hauna doa. Jirani zake wamekuwa weusi, wenyewe umesimama pale kama mgeni aliyekosea msiba.

"Huu ni upi?" akauliza.

"Ni ule uliosema tuung'oe," mama akamjibu.

"Mimi?"

"Wewe."

"Sikumbuki," akasema, akachuma majani akayatia mfukoni.

Wiki iliyofuata alirudi kuchuma mengine. Mama akamuuliza anayafanyia nini, kama ni chai aseme apewe na sukari.

"Ndani ya jani hili unaishi ukungu," Bwana Shamba akasema.

"Kumbe nao unaumwa."

"Hauumwi. Huu ukungu hauli mti. Umepanga tu humo ndani."

"Mpangaji bila kodi?"

"Kodi yake ni ulinzi. Anatengeneza sumu yake, chulebuni ikibisha hodi inaikuta mlangoni."

Mama akalitazama jani, akamtazama yeye. "Bwana Shamba, miaka yote umetuambia ukungu ni adui."

"Kuna ukungu na ukungu," akajibu, na akaondoka haraka kidogo.

Kuanzia hapo jiko la mke wake likawa ofisi. Alikuwa analiosha jani kwa spiriti ili kuua vya nje, analisuuza kwa maji yaliyochemshwa, analikata kwa wembe vipande vidogo, anavilaza kwenye visahani vyenye uji wa viazi uliogandishwa kwa unga wa jeli aliopewa na mtu wa maabara ya sekondari. Baada ya siku kadhaa, pembeni mwa kipande cha jani kunatoka kitu cheupe kama pamba. Akikipata kile anachokitaka, anakihamishia kwenye chupa za maji ya viazi na sukari, kinakaa humo wiki kadhaa, kinatoa jasho lake. Halafu anachuja kwa kitambaa. Hayo maji yaliyochujwa ndiyo dawa.

Kitambaa kilikuwa ni cha meza, cha mke wake, kile cha wageni. Sufuria zilikuwa za mke wake. Kabati la vyombo ndilo lilikuwa na giza la kutosha, kwa hiyo vikombe vikahamia chini ya kitanda. Akina mama wa kanisa walikuja siku moja kwa maombi, mmoja akafungua kabati kutafuta glasi, akakutana na safu ya chupa zenye manyoya. Maombi ya siku ile yalikuwa marefu, na hayakuwa ya kawaida.

"Niliolewa na mtu wa kilimo," mkewe alimwambia mama, mimi nikiwepo, "sasa nazeeka na mtu wa uvundo. Uyoga ananikataza kupika. Lakini haya madudu yanalala ndani, yanafunikwa, yanaangaliwa asubuhi kabla yangu."

Mwenye klabu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ng'ambo ya barabara naye alikuwa na malalamiko yake. Bwana Shamba ni Mlutheri wa ile namna isiyoinusa pombe, na kwa miaka alikuwa akipita pale anageuza uso. "Mimi nikiacha ndizi zikachacha mnaniita mpotoshaji," jamaa akasema mbele ya wateja wake. "Yeye akiacha viazi vioze anaitwa mtaalamu. Tofauti yetu ni kwamba changu kinanyweka."

Mimi nilicheka kama wengine, mpaka siku aliponiita kuona kisahani. Upande mmoja alikuwa ameweka chulebuni yenyewe, ya kijivu, upande wa pili ukungu wa mbuni wa babu. Chulebuni ilikuwa imetambaa kila mahali isipokuwa kuelekea kule. Ilipofika katikati ilikatika, ukingo wake umenyooka, na kati yao pamebaki uwanja mtupu, kama ndugu wawili waliokosana kwa mpaka na kila mmoja anaogopa kukanyaga.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona wamenuniana."

"Mpumbavu," akasema, lakini kwa upole, na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo uso wake haukulizoea.

Mama alimruhusu apulizie mibuni yetu msimu uliofuata. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu kopa hatukuwa na uwezo nayo, na yeye alikuwa bure. Nilibeba bomba, yeye akatembea nyuma yangu akinielekeza kila tawi kana kwamba namwogesha mtoto wake. Na ikakubali. Siyo kwamba hapakuwa na doa kabisa, lakini kahawa ilivunwa. Mdogo wangu akanunuliwa sare.

Hapo ndipo Bwana Shamba akapata ugonjwa mbaya kuliko chulebuni: watu walimwamini. Walikuja na madumu, na chupa za soda, mmoja alikuja na birika. Mwenye klabu ya mbege mwenyewe alituma mtu kwa mlango wa nyuma. Jikoni hapakutosha, akahamia zizi la mbuzi. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Msinunue kopa mwaka huu. Mtapoteza hela zenu. Maji yangu yapo." Mama alikuwa amedunduliza hela kidogo kidogo ya kopa safari hii, akasema labda apige vyote viwili, kwa usalama. Bwana Shamba akakunja uso.

"Mama, unaniamini au huniamini?"

"Nakuamini, ila chulebuni nayo naiamini."

"Ukichanganya hatutajua kilichofanya kazi ni kipi. Niachie mimi."

Akamwachia.

Tulipulizia kila kitu. Safari hii hadi upande usioonekana barabarani. Mvua zikaja, buni zikanenepa, halafu doa la kwanza, halafu mengine. Kufikia wakati wa mavuno mlima wetu ulikuwa mweusi, na yale maji ya ukungu ungeweza kuipulizia chulebuni ikafurahi kuoga. Mbuni wa babu peke yake ulisimama kijani, kama wa kutucheka. Mdogo wangu alirudi nyumbani likizo, na shule ilipofunguliwa hakurudi. Alikaa mwaka mzima anakata majani ya ng'ombe na mimi. Mimi nilikuwa nimezoea kutokuwa shuleni, nina kipaji hicho. Yeye alikuwa anakata majani huku midomo inamcheza, anajisomea kwa kichwa.

Bwana Shamba alisema ni mvua. Alipoambiwa mvua ya mwaka uliopita ilikuwa kubwa zaidi, akasema ni mabomba yetu, yana mabaki ya kopa. Mwenye mabomba mapya alipojitokeza, akasema ni mkono wangu mimi, napulizia kama namwagilia bustani. Kisha akaacha kupita langoni kwetu. Ili afike kanisani alizunguka kwa juu, kwenye mfereji, na kule kunateleza. Tulikuwa tunamwona kwa mbali Jumapili, mabuti yake yakimfaa kuliko siku zote. Mama alikuwa anamtazama anavyozunguka, anaendelea kumenya ndizi.

Mimi nikashuka mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, nikawa nabeba magunia ya vitunguu na mahindi pale Himo, kazi inayohitaji elimu yangu kamili. Hapo Himo ndipo alipojitokeza siku moja, amezeeka ghafla, na mabuti yake. Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba, alianza tu, kama tuliachana jana.

"Nimejua ulikuwa nini."

"Nini kilikuwa nini?"

"Ukungu ulisahau. Niliutoa mtini mara moja tu, nikawa nauhamisha chupa hadi chupa. Viazi na sukari, mwaka mzima. Hauna adui, hauna njaa, hauna wa kugombana naye. Sasa utatengeneza sumu ya nini? Ulinenepa ukaacha kazi."

"Kama watu wa serikalini," nikasema.

Akanitazama kama naanza kupata madoa. "Ile dawa ya mwanzo ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa imetoka mtini moja kwa moja. Kila msimu ni lazima uanze upya, kwenye jani."

"Jani la mbuni wa mama."

"Najua mti ni wa nani," akasema. Akatazama magunia yangu kidogo, akauliza kama bei ya vitunguu imepanda, akaenda zake bila kungoja jibu.

Nilimweleza mama nilipopanda nyumbani. Akasema, "Lango analijua lilipo." Basi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni mwaka ambao mama aliamua kung'oa kahawa yote. Kila mtu alikuwa anang'oa. "Nataka majani ya ng'ombe," alisema. "Ng'ombe ananipa maziwa kila siku. Kahawa inanipa maneno." Mdogo wangu alikuwa amerudi shule kwa maziwa hayohayo, amechelewa darasa moja, kwa hiyo sikuwa na hoja. Niling'oa siku nzima, na kesho yake asubuhi nikafika nyuma ya migomba, nikaanza kuchimba mbuni wa babu. Ulikuwa na mizizi ya mtu asiyetaka kusikia. Mama alikaa kwenye kigoda karibu yangu akipukuchua maharage, nadhani ili nisiuache njiani kama nilivyoacha vingine.

Bwana Shamba akaja kwa langoni. Sikuamini. Hakugeuza jani hata moja. Alikuja moja kwa moja mpaka alipo mama, akavua kofia, na mkononi alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa mgeni wa mlima niseme tu kwamba isale siyo ua la kupamba. Mtu aliyekukosea akikujia na jani lake, amekuja kuomba radhi, na anayeletewa hakatai. Watu wamesamehe mambo mazito kwa jani lile, mambo ambayo bila hilo wangeshikana mapanga.

Mama hakunyoosha mkono. "Hilo unampelekea nani?"

"Wewe, mama."

"Kwa lipi?"

"Ule ukungu," Bwana Shamba akaanza, "unajua, ukiutoa kwenye mti ukaulisha..."

"Sikukuuliza ukungu."

Nikaacha kuchimba. Kuku wakaendelea na shughuli zao. Bwana Shamba aligeuza kofia mkononi, akaigeuza tena.

"Ulitaka kununua kopa, nikakukataza," akasema. "Nilikosea. Mtoto akakaa nyumbani."

Mama akalipokea jani, akaliweka mapajani juu ya maharage. "Haya. Nimesikia. Nimekusamehe."

"Asante, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya shimo, udongo hadi kiunoni, nangoja sehemu ya pili, aombe majani. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mti, mizizi yake nusu iko nje, na wembe najua alikuwa nao mfukoni, hajawahi kutembea bila wembe. Aliyekuja na isale harudishwi mikono mitupu, angeomba chochote. Aliutazama mbuni mara moja, kuanzia juu mpaka shimoni kwangu. Akaniambia, "Jembe lako halina makali." Akavaa kofia akaondoka, polepole, kwa njia ya langoni.

Mama alikaa na lile jani. Alipukuchua ganda moja, la pili, akasimama akakung'uta kanga.

"Fukia," akaniambia.

"Nifukie nini?"

"Hilo shimo. Shindilia vizuri, na maji umwagie." Akageukia barabarani alikokuwa anaishia yule mzee. "Lakini kwanza mkimbilie. Mwambie majani ni matatu tu, na tawi la juu asiliguse."